Pembetatu, Ithibati na Lugha ya Mtoto: Hoja kutoka Masisi na Walikale

Makala haya yanatetea dai moja: katika shule za Masisi na Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ithibati ya sifa za pembetatu ifundishwe kama hoja inayosemwa, na isemwe kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kifaransa. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Hata hivyo, mwanafunzi anapofika sekondari, mahali ithibati inapoanzia hasa, Kifaransa ndicho kinachotawala, naye huikariri ithibati kama dua asiyoijua maana.

Tuanze na seremala. Mbao tatu zikiunganishwa kwa msumari mmoja kila pembe, umbo haliyumbi. Mbao nne zikiunganishwa vivyo hivyo, zikisukumwa kidogo tu hulala upande. Ndiyo maana mbao za paa la mabati hufungwa kwa pembetatu, kwenye vilima vya malisho vya Masisi kama msituni Walikale. Fundi analijua hilo kwa mikono yake. Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alitoa sababu yake katika kanuni ya 8 ya kitabu chake cha kwanza: pembetatu mbili zikilingana pande zote tatu, pembe zake nazo zinalingana. Urefu wa pande ukishapangwa, pembe hazina nafasi ya kubadilika.

Sasa tutazame jumla ya pembe. Wanafunzi wakipima kwa kipimapembe, mmoja hupata nyuzi 179, mwingine 181. Mwalimu huwaambia waandike 180. Hapo wamejifunza kumwamini mwalimu, jiometri bado. Hata kama wote wangepata 180 kamili, wangekuwa wamepima pembetatu chache tu, na dai linazihusu zote.

Ithibati yenyewe ni fupi. Chora pembetatu ABC, kisha pitisha kwenye A mstari ulio sambamba na BC. Kwa kuwa mistari hiyo ni sambamba, pembe ya B inajirudia upande mmoja wa A, na pembe ya C upande wa pili. Pembe hizo mbili, pamoja na pembe ya A iliyo katikati, zinajaza mstari mnyoofu. Basi jumla ni nyuzi 180.

Uzito wote umekaa juu ya neno «sambamba». Tumekubali kwamba kupitia A upo mstari mmoja tu usiokutana na BC. Juu ya uso wa mpira mstari huo haupo. Ukiunganisha Goma, Masisi-centre na Walikale kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ukiuchukulia kama tufe, jumla ya pembe inazidi nyuzi 180 kwa sekunde chache za pembe, kiasi ambacho kipimapembe cha shule hakiwezi kukiona. Ithibati, kwa kututajia sharti lake, ilikwisha kutuonyesha mahali dai linapoweza kukoma.

Yapo mapingamizi mawili. La kwanza, mtihani wa taifa hufanywa kwa Kifaransa. Ni kweli, lakini aliyekwisha kuielewa hoja amebakiwa na kazi ya kujifunza msamiati. Aliyekariri msamiati hana hoja ya kuandika. La pili, Kiswahili hakina istilahi. Shule za msingi za Tanzania zimefundisha hesabu kwa Kiswahili tangu 1967, na maneno pembe, upande na sambamba yamezoeleka humo. Tena, kiunzi cha ithibati ni «ikiwa», «kwa kuwa» na «basi», maneno ambayo mtoto huja nayo kutoka nyumbani na sokoni. Wapo wanaozungumza Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga nyumbani. Nao pia mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na wenzao darasani.

Vita vimewaondoa watoto wengi wa maeneo haya katika madarasa yao. Ithibati haidai kipimapembe wala kitabu. Fimbo na udongo vinatosha kuchora A, B na C, mradi awepo mtu mzima wa kuuliza «Kwa nini?» na kungoja jibu lote, katika lugha ambayo mtoto anaweza kubishana nayo.