Mzizi wa Pelargonium na Safari Yake ya Ulaya
Mizizi ya Pelargonium sidoides, mmea wa Afrika Kusini na Lesotho, ni dawa ya jadi ya kikohozi na kuharisha. Mwingereza Charles Stevens, aliyekwenda huko mwaka 1897 akiugua kifua kikuu, alitibiwa nayo na mganga wa kienyeji. Aliporudi kwao akaiuza kama dawa ya siri, siri ambayo kwa kweli haikuwa yake. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliishutumu kuwa ni utapeli, akakishtaki, akashindwa. Baadaye Wajerumani waliipokea kwa mkamba na mafua, ingawa ushahidi wake bado ni hafifu. Mwaka 2010, kufuatia pingamizi la wanajamii wa Alice, Rasi ya Mashariki, Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliifuta hataza ya kampuni ya Kijerumani ya Schwabe kuhusu mizizi hiyo.