Jabali na Wenyewe: Historia ya Ukumbusho wa Vivekananda huko Kanyakumari, India

Utangulizi

Katika ncha ya kusini ya bara la India, mahali panapohesabiwa kuwa makutano ya Ghuba ya Bengali, Bahari ya Hindi na Bahari ya Arabu, upo mji mdogo wa Kanyakumari. Takriban mita 500 kutoka ufukweni limesimama jabali lenye jengo kubwa la mawe. Mgeni hupanga foleni gatini, huvuka kwa chombo cha shirika la serikali ya jimbo la Tamil Nadu, huvua viatu, kisha huingia katika ukumbi wa taamuli ambamo watu huketi kimya. Arudipo pwani huwa amebeba simulizi moja: kwamba mtawa wa Kihindu, Swami Vivekananda, aliogelea hadi hapo mwezi Desemba 1892, akakaa siku tatu akitafakari hatima ya nchi yake.

Simulizi hiyo ina nguvu, lakini si historia yote ya jabali. Makala haya yanadai kwamba ukumbusho uliozinduliwa mwaka 1970 ni zao la mabishano ya miaka ya 1960 sawa na ulivyo zao la taamuli ya mwaka 1892, na kwamba namna mabishano hayo yalivyomalizwa ndiyo inayoeleza nani anaonekana jabalini leo na nani haonekani.

Mungu wa kike, wavuvi na mtawa

Jabali hili lilikuwa na utakatifu wake kabla ya Vivekananda. Mji umepewa jina la mungu wa kike Kanya Kumari, yaani bikira Kumari, ambaye hekalu lake liko ufukweni. Waumini husadiki kwamba alifanya ibada ya kujinyima juu ya mwamba huo, na alama iliyomo mwambani huheshimiwa kuwa unyayo wake.

Pwani hiyohiyo ni makazi ya jamii za wavuvi Wakatoliki, ambao Ukristo wao una mizizi katika karne ya 16, zama za mmisionari Francis Xavier. Kwao jabali ni sehemu ya bahari wanayoitafutia riziki kila siku.

Vivekananda, aliyezaliwa Kolkata mwaka 1863, alifika Kanyakumari akiwa mtawa msafiri asiyejulikana sana. Miezi michache baadaye, Septemba 1893, alihutubia Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago na kupata umaarufu mkubwa. Ushahidi muhimu kuhusu siku zile za Kanyakumari ni barua aliyomwandikia mtawa mwenzake kutoka Marekani mwaka 1894. Humo anakumbuka kuketi katika hekalu la Kumari na juu ya kipande cha mwisho cha mwamba wa India, akapata wazo kwamba watawa waache kuwahubiria maskini falsafa tupu, bali wazunguke vijijini wakiwapa elimu. Barua hiyo haisimulii kuogelea. Sehemu hiyo ya kisa imetoka katika masimulizi ya watu wengine. Kwa mwanahistoria, jambo hili halibatilishi heshima ya mahali. Linaonyesha tu kwamba mwandishi wa barua aliweka uzito kwenye elimu ya wanyonge, ilhali kumbukumbu ya umma imeuweka kwenye jabali.

Mabishano ya miaka ya 1960

Maadhimisho ya miaka 100 ya kuzaliwa kwa Vivekananda, yaliyofanyika mwaka 1963, ndiyo yaliyoligeuza jabali kuwa suala la kisiasa. Kamati ya Wahindu ilipotaka kujenga ukumbusho, baadhi ya Wakatoliki wa pwani walidai kwamba mwamba ni wa Mtakatifu Xavier, na msalaba ukasimikwa juu yake. Baada ya uchunguzi, mamlaka iliunga mkono dai la upande wa Vivekananda na msalaba ukaondolewa. Hata hivyo, Waziri Kiongozi wa jimbo, M. Bhaktavatsalam, hakuwa tayari kuruhusu jengo kubwa. Katika serikali kuu, waziri Humayun Kabir naye alihofia kwamba ujenzi ungeharibu uzuri wa asili wa jabali.

Aliyebadili mwelekeo huo ni Eknath Ranade, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa jumuiya ya Kihindu ya kizalendo ya RSS. Hakulipeleka suala hilo kama dai la dini moja dhidi ya nyingine, bali kama heshima ya taifa zima. Mwezi Desemba 1963 alikusanya mjini Delhi saini za wabunge 323 wa vyama mbalimbali. Kibali kikapatikana, kwanza kwa jengo dogo, baadaye kwa jengo kubwa lililopo sasa. Fedha zilitoka kwa serikali za majimbo na kwa wananchi wengi mno, wengine wakitoa rupia moja tu. Ujenzi ulianza mwaka 1964, na Rais V. V. Giri akauzindua ukumbusho tarehe 2 Septemba 1970. Jengo lilihifadhi pia mahali pa unyayo wa mungu wa kike. Wavuvi hawakupata alama yoyote.

Jabali la pili

Tarehe 1 Januari 2000, Waziri Kiongozi M. Karunanidhi alizindua sanamu ya mshairi wa kale wa Kitamil, Thiruvalluvar, juu ya mwamba wa jirani. Urefu wake pamoja na kitako ni futi 133, sawa na idadi ya sura za utenzi wake wa maadili, Tirukkural. Hivyo kando ya mtawa aliyesemwa kuwa wa India nzima akasimama mshairi wa lugha ya jimbo. Tarehe 30 Desemba 2024 serikali ya jimbo ilifungua daraja la kioo lenye urefu wa mita 77 linalounganisha miamba hiyo miwili. Miezi michache kabla ya hapo, kuanzia tarehe 30 Mei 2024, Waziri Mkuu Narendra Modi alikuwa amekaa katika ukumbi wa taamuli mara tu kampeni za uchaguzi zilipofungwa, na wapinzani wake wakalalamika kwamba hiyo nayo ilikuwa kampeni. Ukimya wa ukumbi ule haujawahi kuwa nje ya siasa.

Hitimisho

Historia ya Kanyakumari ina mafunzo mawili kwa watunga sera za urithi. Kwanza, ukumbusho hupata uhalali pale ambapo wengi wanauchangia: rupia ya mtu mmoja mmoja na saini za wabunge vilifanya kazi ambayo amri peke yake isingeweza. Pili, kibali kinachoamua mahali ni pa nani hakimalizi swali la nani mwingine alikuwapo. Mungu wa kike alitengewa nafasi ndani ya jengo, na mshairi akapewa mwamba wa pili. Wavuvi wa pwani, ambao mitumbwi yao ilifika jabalini kabla ya vyombo vya watalii, hawamo katika simulizi ambayo mgeni hurudi nayo ufukweni. Kuwataja hakupunguzi utukufu wa Vivekananda. Kwa mujibu wa barua yake mwenyewe, watu wa aina hiyo ndio waliokuwa moyoni mwake alipoketi juu ya mwamba wa mwisho wa nchi yake.