Remember WENN: Televisheni Ilipoikumbuka Redio

Chombo kipya cha utamaduni aghalabu hukisahau kile kilichokitangulia. Televisheni ilipoenea nchini Marekani katika miaka ya 1950, ilichukua wachekeshaji wa redio, hadithi zake na wasikilizaji wake. Kisha ikaendelea na safari kana kwamba ilijizaa yenyewe. Kwa hiyo yafaa kuutazama kwa makini mfululizo wa michezo ya kuchekesha uitwao Remember WENN, ulioonyeshwa nchini humo tangu Januari 1996 hata Septemba 1998. Maisha yake yalikuwa mafupi, lakini ndani yake televisheni ilifanya jambo la nadra: ilimkumbuka mzazi wake.

Mchezo huo wasimulia habari za stesheni ndogo ya redio, ya kubuni, katika mji wa Pittsburgh, kuanzia mwaka 1939. Mji wenyewe una sifa yake katika historia ya utangazaji, kwani ndiko stesheni ya KDKA ilikotangaza matokeo ya uchaguzi wa rais usiku wa tarehe 2 Novemba 1920. Msichana aitwaye Betty Roberts awasili kutoka jimbo la Indiana akitaka kujifunza uandishi. Punde si punde mzigo wote wa kuandika michezo ya stesheni waangukia mabegani mwake. Anamkuta Hilary Booth, mwigizaji mwenye majivuno mengi. Anamkuta Mackie Bloom, mtu mmoja awezaye kuwa watu kumi kwa kubadili sauti. Anamkuta pia Bwana Foley, mtengenezaji wa sauti za vitendo, ambaye yeye mwenyewe hasemi. Jina hilo ni heshima kwa Jack Foley, fundi wa sauti za filamu, ambaye sanaa hiyo huitwa kwa jina lake hata leo.

Hapo ndipo penye thamani ya mchezo huu. Msikilizaji wa zama zile alisikia farasi wakikimbia. Studioni palikuwa na vifuu viwili vya nazi vikigonganishwa. Alisikia radi, palikuwa na bati jembamba likitikiswa. Alisikia moto ukiunguza nyumba. Palikuwa na karatasi ya selofani ikifinyangwa karibu na maikrofoni. Michezo mingi ilirushwa hewani papo hapo, wala kosa halikuwa na marekebisho. Watu wachache, chumba kimoja na kurasa chache zilizopigwa taipu vilitosha kuujenga ulimwengu mzima katika fikra za msikilizaji. Kicheko cha Remember WENN chatokana na hali hiyo: mwigizaji hakufika, ukurasa umepotea, na saa ya ukutani haimngoji mtu.

Aidha, mchezo hauufichi utumwa wa redio ile kwa wenye fedha. Makampuni ya sabuni, sigara na vyakula ndiyo yaliyolipia vipindi, na mlipaji alikuwa na kauli juu ya kinachosemwa.

Mwandishi wake, Rupert Holmes, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1947 na kukulia Marekani, aliandika karibu sehemu zote 56 kwa mkono wake. Idhaa ya AMC, ambayo wakati huo kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu za zamani, haikuwahi kabla ya hapo kutengeneza mfululizo wake wa maigizo. Lakini mwaka 1998 uongozi ulibadilika, na mchezo ukasimamishwa. Watazamaji waliandika kuutetea, wasifanikiwe. Sehemu ya mwisho iliacha hadithi ikining'inia, na fundo lake halikufunguliwa. Hivyo mchezo uliosimulia jinsi wenye fedha walivyoitawala redio ulikatwa na uamuzi wa wakubwa wa idhaa.

Kisa hiki chatuhusu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miongo mingi redio ndiyo iliyokuwa jukwaa letu la maigizo. Wako miongoni mwetu waliokua wakisikiliza vituko vya Pwagu na Pwaguzi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na ambao hawakuhitaji picha ili wacheke. Nyuma ya vicheko vile palikuwa na mafundi: waandishi, waigizaji, mitamboni, watengenezaji wa sauti. Ujuzi wao haukuandikwa wote vitabuni, na wengi wao wamekwisha kuzeeka au kututoka. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya sauti huoza, kwa maana utepe wa sumaku huchakaa kabatini, na fundi huondoka na ufundi wake. Wamarekani walimwachia mwenye idhaa kumbukumbu yao, naye akaifunga siku aliyoona inafaa. Sisi tuwaulize mafundi wetu walio hai, tuwarekodi, na kazi hiyo tuihesabu kuwa ya taifa.