Mrija wa Torek

Tarehe 14 Machi 1913, jijini New York, daktari Franz Torek alimpasua kifua mwanamke wa miaka 67 na kuutoa umio wake uliokuwa na saratani. Hakuwa na namna ya kuunganisha kilichobaki. Akaacha tundu shingoni, jingine tumboni, na kati yake mrija wa mpira uliopita nje ya mwili. Bibi alitafuna, akameza, na chakula kikashuka juu ya kifua chake, chini ya nguo. Aliishi hivyo zaidi ya miaka 10, akafa kwa maradhi mengine.

Nani angelitabiri hilo? Madaktari waliojaribu kumfuata Torek walizika wagonjwa wengi sana.

Utabiri unahitaji umati. Mwaka 1980 Earlam na Cunha-Melo walichapisha hesabu iliyojumlisha wagonjwa 83,783 kutoka taarifa za wapasuaji mbalimbali. Katika kila 100, waliandika, 58 hufunguliwa, 39 hutolewa uvimbe, na 13 kati ya hao hufia hospitalini. Wanaorudi nyumbani ni 26. Mwaka mmoja baadaye wamebaki 18, baada ya miwili 9, baada ya mitano 4.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na kinachonishika ni pale unapoanzia kuhesabu. Ukianza na wote 100, waliofika miaka mitano ni asilimia 4. Ukianza na waliotoka hospitalini, ni kama asilimia 15. Aliyefikisha mwaka ana zaidi ya asilimia 20. Watu ni walewale wanne! Kwa hiyo daktari anayemtajia mgonjwa asilimia bila kusema "kuanzia lini" hajamwambia kitu.

Leo huangaliwa uvimbe umezama kiasi gani kwenye ukuta wa umio, na tezi ngapi za limfu zimeguswa. Tiba nayo imesogea: katika utafiti wa Uholanzi uliotangazwa 2012, waliopewa dawa na mionzi kabla ya upasuaji walifikia miezi 49 kabla ya nusu yao kufariki, waliopasuliwa tu, miezi 24.

Huku kwetu, ambako saratani hii imeenea kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, wengi hufika hospitalini uji ukiwa haupiti tena, na muda wa kupasua umeshapita. Bomet, katika hospitali ya Tenwek, wengi wao huwekewa mrija wa chuma unaojitanua ndani ya umio, wapate kumeza.