Bomba la mafuta Nzega: Jinsi fundi anavyoipanga transmita ya joto

MAFUTA ghafi ya Uganda yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Ndiyo maana Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, lilisanifiwa kuwa bomba la kupashwa joto, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi joto 50.

Kilomita 1,147 za njia hiyo zimo Tanzania. Mkoani Tabora inapita Nzega na Igunga, kaskazini mwa mji uliokuwa njia panda ya misafara: barabara moja ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, nyingine ikipanda Karagwe na Buganda. Kijijini Sojo, wilayani Nzega, ndiko kilikozinduliwa Machi 2024 kiwanda cha kuyavika mabomba povu la poliurethani la kuhifadhi joto.

Povu huhifadhi joto, lakini ni lazima pawepo chombo cha kulipima na kulitangaza. Kwenye mitambo ya aina hii, iwe bomba, kiwanda cha maziwa au bwela la kuzalisha mvuke, kazi hiyo hufanywa na transmita ya joto.

Ndani ya bomba hutumbukizwa kihisi, mara nyingi kile kiitwacho Pt100. Ni waya wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Transmita husoma ukinzani huo na kuugeuza kuwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20, unaosafiri kwa waya mbili hadi chumba cha udhibiti. Kipimo hakianzii sifuri kwa makusudi: mkondo ukiwa sifuri, mwendeshaji hujua kuwa waya umekatika, si kwamba mafuta yamepoa.

Transmita mpya huja na mpangilio wa kiwandani, ambao ni nadra kulingana na mahitaji ya mahali inapofungwa. Fundi huubadilisha kwa komunikata, kifaa cha mkononi chenye kioo na vitufe. Mfumo ulioenea zaidi ni HART, uliobuniwa na kampuni ya Rosemount ya Marekani katika miaka ya 1980. Maneno yake hupita juu ya waya zilezile za miliampia 4 hadi 20, kwa milio miwili ya umeme ya hezi 1,200 na 2,200, bila kuuvuruga mkondo wenyewe.

Kabla ya kugusa waya, fundi huwaarifu waendeshaji nao huhamishia udhibiti mkononi, kwa kuwa kubadili kipimo huku mtambo ukijiendesha kunaweza kuzima au kuwasha hita ghafla. Panapo hatari ya gesi, mfuniko haufunguliwi bila kibali, na komunikata yenyewe lazima iwe imethibitishwa kwa mazingira hayo. Nyaya zake mbili huunganishwa sambamba na transmita. Saketi inapaswa kuwa na ukinzani wa omu 250 hivi. Ukikosekana, komunikata haitaiona transmita, na fundi mgeni huishia kulaumu betri.

Mawasiliano yakishapatikana, hujazwa namba ya utambulisho, aina ya kihisi na idadi ya waya zake. Kipengele hiki cha mwisho hudharauliwa mno. Kihisi cha waya tatu kikiandikwa kuwa cha waya mbili, ukinzani wa nyaya huhesabiwa kama joto, na kila omu moja ya ziada huongeza takriban nyuzi 2.6 za uongo.

Kisha huja upeo wa kipimo, na hapa ndipo hasara kubwa inapojificha. Tuseme chumba cha udhibiti kimepangiwa nyuzi 0 hadi 100, lakini transmita imeachwa kwenye 0 hadi 80. Mafuta yakiwa na nyuzi 45, transmita itatoa miliampia 13, na kioo kitaonyesha nyuzi 56. Kila mtu ataridhika, hita haitawashwa, na nta itaanza kujikusanya.

Vilevile huamuliwa transmita ifanye nini kihisi kikifa: ishuke hadi miliampia 3.6 au ipande hadi 21 na zaidi. Ikishuka, mfumo usiopangwa vizuri unaweza kudhani bomba ni baridi na kuliunguza. Ikipanda, unaweza kuzima hita. Uamuzi huu ni wa mhandisi wa mtambo, wala haufai kuachiwa bahati.

Baada ya kutuma mabadiliko, kihisi huhakikiwa. Barafu inayoyeyuka katika maji safi hutoa nyuzi 0 popote. Maji yanayochemka ni habari nyingine. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Anayeisahihisha transmita akiamini sufuria inayotokota ni nyuzi 100 ameingiza kosa la nyuzi nne.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowasaidia, na kuwaponza, wasafiri Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Walikadiria miinuko kwa kupima joto la maji yanayochemka. Ziwa Tanganyika walilipa futi 1,850, sawa na mita 564, ilhali liko takriban mita 773. Kosa la chini ya nyuzi moja ya Selsiasi lingetosha kuleta tofauti hiyo.

Mwisho, komunikata huiamuru transmita itoe miliampia 4, 12 na 20 kwa zamu, huku mwendeshaji akisoma kioo chake kwa simu ya upepo: 0, 50, 100. Zikilingana, mpangilio huhifadhiwa na kuandikwa kwenye daftari la matengenezo, mfuniko hukazwa usipitishe vumbi na maji, na udhibiti hurejeshwa kwenye mtambo.