Leseni ya Babu

Babu yangu mzaa mama hakuwahi kushika cheti cha aina yoyote, hata cha kuzaliwa. Alikuwa mganga katika kijiji kimoja nyuma ya Muheza, na wagonjwa wake wengi walikuwa wa akili: mwanamke aliyejifungua akawa halali usiku, kijana aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge akisema peke yake. Wengine aliwapunga pepo kwa ngoma, wengine aliwafukiza ubani, wengine aliwaandikia kombe kwa zafarani wakanywa. Mtu mkali alifungwa mguu kwenye gogo la mwembe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea ugali, nikiusukuma kwa fimbo, kisha natimua mbio.

Miaka ya sabini nilimaliza uuguzi nikapangiwa wodi ya akili. Nilijiona nimetoka kwenye giza la kilinge. Cheti changu nilikitia fremu kabla hata sijanunua kitanda. Baadaye sana, karani mmoja wa mahakama, rafiki yangu wa bao, ndiye aliyenionyesha kitabu cha zamani cha sheria, Sura ya 409, ile ya kusajili madaktari na madaktari wa meno. Akaweka kidole kwenye kifungu cha 20. Kumbe babu naye alikuwamo humo.

Kifungu kilisema sheria ile isitafsiriwe kuwa inawazuia watu wanaotibu kwa njia za kienyeji, mradi jamii zao zinawatambua kuwa wamefundishwa kazi hiyo. Hakuna ada wala mtihani, jamii ndiyo shahidi. Lakini kulikuwa na mipaka miwili: mganga atibu watu wa jamii yake tu, na asifanye jambo la kuhatarisha uhai.

Sidhani kama waliotunga walikuwa na heshima hiyo kwa akina babu. Nadhani walihesabu tu. Hospitali ya wagonjwa wa akili, Mirembe, ilikuwa Dodoma tangu miaka ya 1920, na kutoka Muheza hadi Dodoma na mgonjwa aliyefungwa kamba si safari ya kumwombea mtu. Hata tulipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wetu Waafrika walikuwa 12 nchi nzima. Ungemfungia mganga, ungempa nani wagonjwa wake? Juu Usambara kulikuwa na Lutindi, ambako wamisionari Wajerumani walifungua nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, kisha wakaanza kupokea wagonjwa wa akili na kulima nao. Babu alikuwa akisema wale nao ni waganga, ila dawa yao jembe.

Na msamaha wenyewe ulikuwa wa mkono mmoja. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilifanya kumiliki vifaa vya uchawi kuwa kosa. Mkoba ni uleule, mizizi ni ileile. Ukiwa na bahati mbele ya bwana shauri wewe ni mganga, ukikosa bahati ni mchawi.

Ile mipaka miwili babu aliivunja yote bila kujua ipo. Watu walimjia kwa basi kutoka Pangani na Handeni, Wazigua kwa Wadigo. Na lile gogo! Nimesafisha vidonda vingi vya vifundo vya miguu wodini, na kila mara niliwaza ni vingapi vilitoka kwake. Hakuna ofisa aliyewahi kuja kutazama. Jamii ilimtambua, basi.

Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likaja Baraza na usajili. Mjomba wangu, aliyerithi mkoba (gogo alilichanja kuni, namshukuru), alijaza fomu, akaipeleka kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mratibu wa wilaya. Cheti kilipofika akakitia fremu kama mimi.

Januari 2009, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wote. Mjomba akashusha fremu, akaifunga kwenye kanga kuukuu, akaiweka juu ya kabati. Wiki hiyohiyo akanipigia simu.

“Mjomba,” akasema, maana ndivyo tunavyoitana, “nimeletewa kijana kutoka Mombo. Anaongea na ukuta. Nimfanyeje?”

Nikamwambia amlete kliniki. Alimleta kwa pikipiki, kijana katikati, yeye nyuma amemkumbatia asidondoke. Dirishani binti wa mapokezi akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

Mjomba akanitazama, akavua kofia.

“Jirani,” akasema.