Wenyeji wa Theluji: Funzo Kutoka Andermatt

Ndugu zangu tuliokalia madawati yale, nanyi vijana mnaoyakalia leo,

Darasani tulikariri vimo vya vilele vya Alps, tukafaulu mtihani, tukasahau. Hakuna aliyeuliza watu huishije chini ya milima ile. Mimi nilijifunza ukubwani, nilipokuwa masomoni Ulaya. Wenyeji wangu walinialika mlimani. Asubuhi wakasoma taarifa ya theluji, wakavunja safari. Mbingu ilikuwa nyeupe pe, bila wingu. Nikawadhania waoga.

Uoga ule una historia ndefu. Mwaka 1397 watu wa Andermatt, Uswisi, waliandika hati ya kukataza kukata miti ya msitu ulio juu ya kijiji chao. Walikwisha kutambua kwamba miti huishikilia theluji isitelemke.

Sayansi ilifuata baadaye. Mwaka 1936 wataalamu walianza kazi katika maabara ndogo ya Weissfluhjoch, juu ya Davos. Walichimba mashimo wakaona kwamba theluji hulala kwa matabaka, na tabaka moja dhaifu likifunikwa na theluji iliyoshindiliwa na upepo, uzito wa mtu mmoja waweza kuling'oa bamba zima. Hatari zaidi ni miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45.

Hata hivyo mlima haukutii. Januari 1951 theluji ilianguka kwa siku kadhaa mfululizo, na Andermatt yenyewe ikazika watu 13. Majira yale ya baridi maporomoko yaliua watu zaidi ya 250 katika Alps. Ndipo vizuizi vya miteremkoni na ramani za hatari vilipotiliwa mkazo. Lakini Februari 1999, katika kijiji cha Galtür, Austria, poromoko lilifika hata sehemu iliyohesabiwa kuwa salama, likaua watu 31.

Siku hizi wengi wanaokufa ni watembezi, na mara nyingi poromoko huanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake. Tangu 1993 Ulaya hutumia ngazi tano za hatari. Ajabu ni kwamba vifo vingi hutokea ngazi ya 3: ya 5 huwafunga watu nyumbani, ya 3 huwashawishi.

Vijana, baadhi yenu mtasoma katika nchi za theluji. Mkialikwa mlimani, someni taarifa ya siku hiyo kwanza. Kila mmoja avae kijiredio cha kutoa ishara, achukue ufito wa kupimia na sepetu. Mteremko wa mashaka uvukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama. Aliyefunikwa hutegemea wenzake waliopo pale pale, kwa kuwa baada ya dakika kumi hivi matumaini hupungua upesi.

Na wenyeji wakisema "leo hatwendi", msiwacheke kama nilivyowacheka mimi. Jioni ile mteremko tuliokusudia kuupita uliporomoka.